Namna ya Kufufua na Kutumia Kompyuta ya Kiganjani Yenye GPS Ndani Yake

Kabla simu za kugusa hazijachukua kazi zote, palikuwa na kompyuta ndogo za kiganjani zilizotunza shajara, anwani na orodha ya shughuli za mwenye nazo, huku zikiwa na kipokezi cha GPS ndani ya mwili wake, bila waya wala kifaa cha pembeni. Garmin iQue 3600, iliyotoka mwaka 2003 ikiendeshwa na Palm OS, ndiyo iliyofungua njia. Zikafuata za mfumo wa Windows: Mio 168, HP iPAQ hw6515, ASUS MyPal A636, Fujitsu Siemens Pocket LOOX N560 na nyinginezo. Mimi nimezitumia kwa miaka kadhaa katika kazi ya kuweka alama za mipaka ya mashamba na vyanzo vya maji, na mpaka leo naletewa vifaa vilivyokaa kabatini muda mrefu, mwenyewe akiwa ameshaamini kwamba vimekufa.

Mara nyingi havijafa. Kipokezi cha setilaiti ni sehemu inayodumu sana katika kifaa cha aina hii. Kinachoharibika ni betri, kinachopotea ni kumbukumbu, na kinachopotosha ni tarehe. Anayeshughulikia mambo hayo matatu kwa mpangilio hupata kifaa kinachosoma mahali alipo bila mtandao wa simu, chenye skrini inayosomeka juani na kalamu ya kuandikia, ambacho anaweza kumkabidhi msaidizi wake porini bila kumkabidhi simu yake binafsi. Maelekezo haya yanafuata mpangilio huo, nami naomba msomaji asiruke hatua, kwa kuwa makosa mengi niliyoyaona yalitokana na mtu kukimbilia ramani kabla hajaishughulikia betri.

Hatua ya kwanza: kitambue kifaa kabla ya kukiwasha

Tazama nyuma ya kifaa au chini ya betri uandike jina kamili la modeli. Jambo la kujua ni mfumo unaokiendesha, kwa sababu ndio unaoamua mahali ambapo taarifa zako zinakaa. Vifaa vya Pocket PC 2003 (mfumo wa Windows wa wakati huo), kama Mio 168, na vile vya Palm OS vya kipindi hicho, kama iQue 3600, huhifadhi anwani, shajara na programu ulizoziongeza katika kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote. Betri ikiisha kabisa, kila ulichoandika hufutika na kifaa hurudi kama kilivyotoka kiwandani. Kuanzia Windows Mobile 5.0, iliyotolewa mwaka 2005, taarifa zilihamishiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu isiyotegemea umeme, kwa hiyo Pocket LOOX N560 au MyPal A636 iliyolala miaka kumi inaweza kuamka na anwani zake zote.

Tofauti hii ina uzito. Ukiletewa kifaa cha mfumo wa 2005 au wa baadaye, usikimbilie kukifuta, kwa maana huenda ndani yake zimo alama za maeneo ambazo hakuna mtu mwingine anazo. Kikiwa cha mfumo wa kabla ya hapo, na kimekaa miaka bila chaji, huna cha kuokoa ndani yake. Tafuta badala yake kadi ya kumbukumbu iliyokuwa ikitumika nacho, au kompyuta iliyokuwa ikilinganisha nacho taarifa.

Hatua ya pili: betri

Toa betri, kama inatoka, uiweke juu ya meza iliyonyooka. Ikiyumba, au ikiwa tumbo lake limeinuka, imevimba na haifai tena. Usiichaji, usiitoboe, usiibonyeze irudi mahali pake. Vifaa vingine, iQue 3600 ikiwemo, vina betri iliyofungiwa ndani. Dalili ya uvimbe huko ni skrini iliyoinuka upande mmoja au mfuniko wa nyuma usiokaa sawa, na kazi ya kuifungua ni ya fundi wa simu aliyezoea kufungua vifaa vidogo.

Betri mpya iwe ya modeli ileile na yenye volti zilezile. Uwezo wake unaweza kuzidi kidogo ule wa zamani bila madhara. Chaja nayo isomwe kabla ya kuchomekwa: volti zilizoandikwa juu yake lazima zilingane na zile zilizoandikwa kwenye kifaa, na ncha chanya na hasi ziwe upande uleule, maana kuna chaja zinazofanana kwa plagi lakini zinatofautiana kwa umeme.

Betri iliyolala muda mrefu huweza kukaa dakika nyingi ikiwa imeunganishwa bila taa yoyote kuwaka. Iache saa nzima mbele ya macho yako, mahali pasipo na kitu cha kushika moto, kisha bonyeza kitufe cha kuanzisha upya kwa ncha ya kalamu. Kifaa kikigoma, jaribu betri nyingine kabla ya kukihukumu.

Hatua ya tatu: kadi ya kumbukumbu

Hapa ndipo wengi hukwama bila sababu. Mtu hununua kadi ya gigabaiti 16 dukani, akaichomeka katika kifaa cha mwaka 2004, kisha akasema tundu limeharibika. Kadi za SD za asili zina ukomo wa gigabaiti 2, na kadi kubwa zaidi, za kiwango cha SDHC kilichokuja mwaka 2006, hazitambuliwi na vifaa vingi vya kabla ya hapo. Tafuta kadi ya gigabaiti 1 au 2, uiumbize (yaani uiformati) kwenye kompyuta kwa mfumo wa FAT, na uijaribu kwa kunakili faili moja dogo kabla ya kuikabidhi ramani.

Nakushauri pia usitaabike na kuunganisha kifaa na kompyuta ya kisasa kwa waya. Programu ya ActiveSync ilitengenezwa kwa Windows XP, ile iliyoirithi ilikuja na Windows Vista, na kwenye kompyuta za sasa unaweza kupoteza siku mbili ukitafuta kuzipatanisha. Kisomeo cha kadi kinatosha. Faili za programu zenye kiambishi cab hufunguliwa moja kwa moja ndani ya kifaa cha Windows kwa kuzigusa, na ramani hukaa kwenye kadi. Palm ndiyo inayohitaji kompyuta ya zamani zaidi, kwa kuwa ramani za iQue hupitia programu ya Garmin ya MapSource. Aliye nayo na atunze hiyo kompyuta pamoja na kifaa chake.

Hatua ya nne: kusoma setilaiti kwa mara ya kwanza

Kipokezi hakianzi kazi kwa kubahatisha. Kinahitaji orodha ya jumla ya setilaiti zote na mahali zilipo takriban, na kinahitaji vipimo sahihi vya njia ya kila setilaiti inayoonekana kwa wakati huo. Vipimo hivyo hurudiwa na kila setilaiti kila baada ya sekunde 30, na hufaa kwa muda wa saa nne hivi. Orodha ya jumla, kwa upande wake, huchukua dakika 12 na nusu kupokelewa yote. Kifaa kilichotumika jana kinayo orodha, kwa hiyo hushika mahali haraka. Kilicholala miaka minane kina orodha iliyopitwa na wakati, na kinapaswa kuanza kutafuta anga nzima upya.

Kwa hiyo toka nje. Si dirishani, si chini ya bati, si chini ya mwembe, bali uwanjani ambapo mbingu inaonekana pande zote. Kama kifaa kina antena ya kukunjua, kama ile ya iQue, Mio 168 au MyPal A636, ikunjue uso wake bapa utazame juu. Kiweke mezani au juu ya boneti ya gari lililozimwa, usikitembeze, na ukipe dakika 20 kamili. Nimeona mtu akitangaza kifaa kibovu baada ya dakika tano sebuleni. Kifaa hichohicho kilishika setilaiti saba kabla hatujamaliza chai uani.

Ukurasa wa hali ya setilaiti ndio wa kuutazama. Setilaiti nne ndizo kiwango cha chini cha kupata mahali pamoja na kimo. Chini ya hapo, namba inayoonekana isiandikwe popote.

Kama programu ina sehemu ya kuwasha masahihisho ya WAAS au EGNOS, yaani mifumo ya setilaiti za ziada inayoongeza usahihi wa GPS, izime ukiwa Afrika Mashariki. WAAS inahudumia Amerika Kaskazini na EGNOS inahudumia Ulaya. Huku kwetu kipokezi kitapoteza muda kikitafuta msaada usiokuwapo. Bila masahihisho hayo bado utapata usahihi wa mita 10 hivi mahali pa wazi, kwa kuwa Marekani iliacha kuvuruga mawimbi ya GPS kwa makusudi tarehe 2 Mei 2000, na kabla ya hapo kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida.

Hatua ya tano: tarehe

Mahali pakishasomeka, tazama tarehe ambayo kipokezi kinatoa. Usishangae ukikuta ni ya karibu miaka ishirini iliyopita. Mfumo wa GPS huhesabu majuma kwa namba inayofika 1023, kisha hurudi sifuri. Duru ya kwanza iliisha usiku wa kuamkia tarehe 22 Agosti 1999, ya pili usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2019, na iliyopo sasa itaisha Novemba 2038. Programu ya ndani ya kipokezi cha zamani haijui tuko duru ya ngapi. Inakisia, na baada ya muda fulani makisio yake yanakosea kwa majuma 1024 kamili, yaani siku 7,168. Ndiyo maana kifaa kinaweza kusoma tarehe 7 Aprili 2019 kama 22 Agosti 1999.

Mahali unaposimama, kwa kawaida, hubaki sahihi, kwa sababu hesabu ya umbali hutegemea muda ndani ya juma na vipimo vinavyotangazwa na setilaiti zenyewe. Kinachoumia ni shajara. Kama kifaa kimeruhusiwa kurekebisha saa yake kwa GPS, kila kikao ulichokiandika kitaonekana kuwa cha miaka mingi ijayo, na kengele ya kukukumbusha haitalia siku yake. Ingia kwenye mipangilio ya programu ya ramani na ya saa, ondoa alama kwenye kipengele cha kulinganisha saa na setilaiti, kisha weka tarehe kwa mkono wako.

Bado faili la nyayo za safari linaweza kubeba tarehe ya kipokezi. Usilitupe. Lifungue kwenye kompyuta kama jedwali, ongeza siku 7,168 kwa kila mstari, na tarehe zitakaa sawa. Saa na dakika hazihitaji kuguswa, isipokuwa kuongeza saa tatu ili kutoka saa za dunia kuja saa za Afrika Mashariki.

Hatua ya sita: mlango na kasi

Katika vifaa vya Windows, programu ya ramani huzungumza na kipokezi kupitia mlango wenye jina kama COM na namba yake. Programu ikisema haioni GPS ilhali ukurasa wa setilaiti wa mtengenezaji unaiona, tatizo ni namba ya mlango au kasi yake. Kasi ya kawaida ya NMEA, lugha ambayo kipokezi hutumia kutuma taarifa zake, ni 4800, lakini watengenezaji wengine waliweka 9600, 38400 au 57600. Jaribu moja baada ya nyingine, ukianzia ya chini, na kwa kila mlango subiri nusu dakika. Ukiona mistari inayoanza na $GPGGA na $GPRMC, umefika. Ukiona herufi zisizosomeka, mlango ni sahihi ila kasi siyo.

Windows Mobile 5.0 ilileta mlango wa pamoja unaoruhusu programu mbili kusoma kipokezi kimoja kwa wakati mmoja. Kama alama ya GPS ipo kwenye mipangilio ya kifaa chako, itumie. Katika mifumo iliyotangulia programu moja hushika mlango peke yake, na ni lazima uifunge kabisa kabla ya kufungua nyingine.

Hatua ya saba: ramani, na kosa la mita mia tatu

Ramani za barabara zilizokuja na vifaa hivi zimezeeka, na usajili wa nyingi ulitegemea huduma za mtandaoni za wakati ule. Ushauri wangu ni kuziacha. Thamani ya kifaa hiki sasa imo katika ramani unayoitengeneza mwenyewe. Programu ya OziExplorerCE ya Pocket PC hupokea ramani ya karatasi iliyoskaniwa, ikawekewa alama za majira (namba zinazoonyesha mahali) kwenye kompyuta na kugeuzwa kuwa faili la ozf2.

Skani ramani ya kipimo cha 1:50,000 ikiwa imenyooka. Kwenye kompyuta, weka alama nne katika pembe nne za ramani, mahali ambapo mistari ya gridi inakatana, na uandike majira ya kila moja kama yalivyochapwa pembezoni. Kisha chagua kanda ya UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia katika kanda za nyuzi 6 kila moja. Kanda ya 37 inaanza nyuzi 36 mashariki hadi 42, kwa hiyo Morogoro na Dar es Salaam zimo humo. Dodoma imo katika kanda ya 36, na Kigoma mjini inaangukia kanda ya 35. Kwa Kenya zingatia pia upande wa ikweta, maana majira ya kusini na ya kaskazini huhesabiwa tofauti.

Sasa soma kwa makini kuliko popote pengine. Ramani za zamani za Tanzania na Kenya zilipimwa kwa msingi unaoitwa Arc 1960, na GPS hutoa majira kwa msingi wa WGS 84. Misingi hii miwili haikubaliani kuhusu umbo la dunia na kitovu chake. Ukichukua namba ya WGS 84 na kuiweka juu ya gridi ya Arc 1960 bila kuigeuza, alama yako itakaa karibu mita 300 kusini mwa mahali halisi. Mita 300 kwenye mpaka wa shamba ni shamba la jirani. Nimewahi kusimama kati ya familia mbili zilizokaribia kushikana kwa sababu ya kosa hili, kila upande ukiwa na karatasi yake na kila mmoja akiamini namba zake, wala hapakuwa na aliyekuwa akidanganya.

Kwa hiyo, unapotengeneza ramani iliyoskaniwa, chagua Arc 1960 kama msingi wa ramani, na programu itageuza yenyewe. Halafu thibitisha: simama penye kitu kilichochorwa waziwazi, kama makutano ya reli na barabara, uone kama alama ya kifaa inakaa hapo. Ikikaa kusini kwa milimita sita kwenye ramani ya 1:50,000, msingi umekosewa.

Hatua ya nane: kuandika majira bila kujipoteza

Majira yana miandiko mitatu (nyuzi kwa desimali; nyuzi na dakika; nyuzi, dakika na sekunde), na kifaa hakijui ulikusudia upi. Chukua katikati ya Dar es Salaam, iliyo nyuzi 6 na dakika 48 kusini, nyuzi 39 na dakika 17 mashariki. Kwa desimali ni -6.800 na 39.283. Anayeandika -6.48 na 39.17, akidhani nukta inatenganisha nyuzi na dakika, amesogea zaidi ya kilomita 35 kaskazini, na kifaa kitamwelekeza baharini, katika mkondo kati ya bara na Unguja. Chagua mwandiko mmoja kwa kikundi chote cha kazi, uuweke kwenye kila kifaa, na uuandike juu ya kila karatasi. Mimi huchagua desimali yenye tarakimu tano baada ya nukta, kwa kuwa haina alama maalumu za kutafuta kwenye kibao kidogo cha herufi.

Unaporekodi mahali, simama pasipo kusogea angalau dakika moja. Tazama thamani iitwayo HDOP, inayopima jinsi setilaiti zilivyotawanyika angani: chini ya 2 ni nzuri, ikipita 4 subiri setilaiti zibadilike mahali, au sogea kidogo kutoka kwenye mti au ukuta.

Hatua ya tisa: kuunganisha shajara na mahali

Hii ndiyo sababu ya kifaa hiki kuitwa kompyuta ya kiganjani na si kipima njia tu. Katika iQue 3600 anwani iliyomo kwenye orodha ya watu inaweza kutafutwa kwenye ramani na kuwa mwisho wa safari moja kwa moja, mradi ramani inaifahamu. Kwa kuwa nyumba zetu nyingi, hasa vijijini, hazina namba wala jina la mtaa, njia inayofaa zaidi ni hii: kwenye nafasi ya maelezo ya kila mtu, andika majira ya desimali ya nyumba yake, na jina la alama uliyoiweka kwenye ramani liwe lilelile la kwenye anwani. Kwenye shajara, nafasi ya mahali pa kikao ipokee jina hilohilo. Kengele ikilia asubuhi, msaidizi anaona anakwenda kwa nani, saa ngapi na wapi, bila kupiga simu kuuliza.

Jioni, kabla ya kula, nakili alama za siku kwenye kadi. Niliwahi kuacha kifaa cha Pocket PC 2003 kwenye begi kwa siku nne za Pasaka nikiwa nimekizima tu. Niliporudi kilikuwa kinaniuliza lugha na saa kana kwamba kimetoka dukani, na visima thelathini na moja tulivyovifikia kwa miguu havikuwemo tena. Tulirudia njia yote. Tangu hapo kila alama huandikwa pia kwenye daftari, papo hapo, kwa kalamu.

Hatua ya kumi: kukihifadhi

Kazi ikiisha, nakili kila kitu kwenye kompyuta mbili tofauti, katika faili la maandishi ya kawaida ambalo programu yoyote inaweza kulifungua. Kifaa cha mfumo wa 2005 au wa baadaye kichajiwe hadi nusu, betri itolewe na kuwekwa mahali pakavu, mbali na joto. Kile cha kabla ya hapo, kama unataka kibakie na taarifa zake, hakina budi kuchajiwa kila juma hata kama hakitumiki. Kama hutaweza, kiache kifutike baada ya kuhakikisha nakala zako zinafunguka, na uandike kwenye kipande cha karatasi ndani ya boksi namba ya mlango, kasi, msingi wa ramani na kanda ulizotumia, pamoja na tarehe ya leo.